Shamba la Kigumba limelala miaka tisa. Udongo wake umeamka?

DerevaMstaafu (Kigumba), 11 Februari

Habari zenu wote, na poleni na jua hili. Mimi si mkulima wa kuzaliwa. Nimeendesha lori miaka 27, Mombasa hadi Kampala, baadaye hadi Juba, na Kiswahili hiki nilikiokota kwenye foleni ya mpakani Malaba. Kikiwa na kutu, mtanivumilia.

Mwaka 2004 nilinunua ekari 12 hapa Kigumba, Uganda. Nikafanya kama majirani: trekta yenye plau la sahani, mahindi msimu wa kwanza, mahindi msimu wa pili, mabua tunachoma ili sahani zisikwame. Mwanzoni ekari moja ilinipa magunia 17. Ikashuka hadi 11. Mwaka 2016 nilipata manne na nusu, magunzi kama vidole vya mtoto. Nikakasirika, nikarudi barabarani, shamba nikaliacha kama lilivyo.

Sasa magoti yamekataa klachi, nimerudi tangu Desemba. Shemeji yangu amekwisha nipangia kila kitu. Rafiki yake mwenye trekta anataka arubuni, na tarehe 10 Machi wanafungua ekari zote 12. Anasema ardhi iliyolala miaka tisa imenenepa kama ng'ombe aliyeachwa malishoni, hata mbolea haihitaji.

Lakini nilipoingia mle na panga niliona mashamba mawili. Nusu ya juu, karibu na njia ya ng'ombe, ni lusenke tupu, zile nyasi zenye ncha kama sindano na maua meupe kama pamba. Inachomwa kila Januari. Wawindaji wa ndezi huwasha, na wasipowasha wao, wachungaji watawasha. Nusu ya chini inapakana na jirani mwenye kahawa. Yeye kila Desemba hufyeka ukanda mpana wa kuzuia moto usifike kwenye kahawa yake, na ukanda huo umekuwa ukilinda na shamba langu bila mimi kujua. Huko chini nyasi zimenipita urefu, kuna vichaka, kuna miti ya mugavu yenye unene wa paja, na mvua za mwisho za Desemba zilipoanguka nilikuta uyoga chini ya majani yaliyooza.

Swali langu ni hili. Wale viumbe wa ndani ya udongo, wanaoonekana na wasioonekana, hurudi baada ya muda gani mtu akiacha kulima? Kijani cha juu kinatosha kuwa ushahidi? Na je, mtu kama mimi anaweza kupima mwenyewe kabla hajampa mtu wa trekta hela?


BwanaPlau (Masindi), 11 Februari

Mzee, maswali hayapandi mahindi. Nimefungua mapori ya miaka mitano, ya kumi, yote msimu wa kwanza yanazaa hadi unakosa magunia. Lima. Ukichelewa, mvua ya Machi itakukuta umechuchumaa unahesabu minyoo.


MchimbaSampuli (Wakiso), 12 Februari

Mzee Dereva, salamu. Kwa miaka 19 kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli za udongo kwa ajili ya watafiti. Wao waliandika ripoti, mimi nilichimba. Kwa hiyo nitakujibu kwa mikono.

Neno "kulala" ndilo linalotudanganya. Udongo haulali. Waliomo ndani wana njaa au wanakula, basi. Ulipokuwa ukilima mara mbili kwa mwaka na kuchoma mabua, uliwanyima chakula na kuwavunjia nyumba. Ulipoondoka, mizizi ikaanza kubaki ardhini mwaka mzima, na mizizi hai hutoa utomvu wenye sukari. Majani nayo yakaanguka yakaachwa palepale. Hicho ndicho kilichofanya kazi. Miaka yenyewe haina faida yoyote kama hakuna kilichoingia tumboni.

Nao hawarudi pamoja. Bakteria ni wa kwanza, na kusema kweli hawakuwahi kuondoka. Wengi wao hukauka wakajikunja wakingoja. Ukiwapa mizizi na unyevu, ndani ya msimu mmoja au miwili tayari utaona tofauti. Kuvu huchelewa, kwa sababu mwili wake ni nyuzi, na kila plau likipita nyuzi hukatwa. Kuna aina inayoshikana na mizizi na kuichukulia fosforasi mahali ambapo mizizi yenyewe haifiki. Hiyo, kwenye udongo wetu mwekundu, ni mali. Nyungunyungu huchelewa zaidi. Hawana mabawa, wanatambaa kutoka pembeni mita chache kwa mwaka, kwa hiyo katikati ya shamba hufikiwa mwisho. Mchwa wao wana kumbikumbi, wanaruka, ndiyo maana kichuguu utakiona mapema.

Wa mwisho kabisa ni ule weusi wa udongo, kaboni. Huko Uingereza, kituo cha utafiti cha Rothamsted, kuna kipande cha kama nusu ekari kilichokuwa cha ngano. Mwaka 1882 ngano yake iliachwa bila kuvunwa. Baada ya miaka michache ngano ilikuwa imeshindwa na magugu, na leo sehemu yake ni msitu. Wameupima udongo ule zaidi ya karne nzima, na kaboni iliendelea kupanda miongo na miongo. Uholanzi nako walilinganisha mashamba yaliyoachwa kwa muda tofauti, mapya hadi ya miaka thelathini na zaidi. Viumbe hawakuwa lazima wengi zaidi kwenye yale ya zamani. Kilichoongezeka ni jinsi wanavyotegemeana, na kuvu ndiyo ikawa inapokea sehemu kubwa zaidi ya kaboni inayotoka kwenye mimea. Huko ni baridi, Mzee. Kwetu joto hulisha haraka na kuozesha haraka, kwa hiyo usitarajie akiba ijipange upesi kwa sababu tu nyasi zimekua upesi.

Sasa nije kwa BwanaPlau, ambaye hasemi uongo. Msimu wa kwanza kweli huzaa. Sababu yake aliifanyia kazi bwana mmoja aitwaye Birch, pale kituo cha utafiti cha Muguga nje ya Nairobi, miaka ya 1950. Aliona kwamba udongo ukikauka vizuri kisha ukalowa, viumbe wake huamka kwa fujo, wanashambulia mboji na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache. Hata leo watafiti huita jambo hilo kwa jina lake. Ongeza na plau: unavunja mabonge, unaingiza hewa, unafunua chakula kilichokuwa kimefichika. Mahindi hunywa naitrojeni hiyo yote. Ni kama kuuza ng'ombe wa maziwa ukala nyama Krismasi. Mwulize BwanaPlau kuhusu msimu wa tano kwenye mapori hayohayo.

Kuhusu moto, watu hudhani unachoma viumbe. Moto wa nyasi hupita mbio, chini ya sentimita chache udongo huwa haujui kilichotokea. Ubaya wake uko kwingine. Kila Januari unabeba chakula cha mwaka mzima, naitrojeni yake inaondoka na moshi, na mvua ya kwanza inakuta ardhi uchi. Lusenke haijali, shina lake liko chini ya ardhi, lakini miche ya miti inakufa. Nusu yako ya juu haijaachwa miaka tisa, Mzee. Imeachwa mwaka mmoja, mara tisa.

Kupima unaweza. Usipime sehemu moja, namba moja haisemi kitu. Chukua sehemu nne: nusu ya juu, nusu ya chini, shamba la jirani ambalo bado linalimwa kila msimu, na mahali ambapo hapajawahi kulimwa, mathalani chini ya mwembe nyumbani. Kila sehemu mashimo matatu. Shimo ni sentimita 25 kwa 25, kina 30, ndivyo walivyotufundisha watu wa baiolojia ya udongo. Chimba asubuhi, mvua zikishakolea, pasua udongo juu ya gunia, hesabu nyungunyungu, jongoo, mchwa. Kisha zika fulana za pamba tupu, kina cha kiganja, uzifukue baada ya wiki nane. Pamba ni chakula. Kinachobaki kinakuambia walaji wako wangapi. Mwisho, chukua bonge kavu ulidumbukize kwenye glasi ya maji. Likiyeyuka mara moja kuwa tope, gundi ya kuvu na mizizi haipo.

Ukiwa na hela kidogo peleka sampuli maabara ya Kawanda au Makerere wakupimie asidi na kaboni. Lakini anza na fulana.


MamaSimsim (Pader), 14 Februari

Ndugu Mchimba, umenifafanulia jambo lililonisumbua miaka mingi.

Sisi vita vilituingiza kambini 2002, tukarudi kwenye ardhi ya baba mkwe 2008. Kilichokuwa shamba kilikuwa pori, tulikata njia kwa panga, na tulitembea kwa hofu kwa sababu hatukujua kilichozikwa mle. Simsim ya mwaka wa kwanza, wallahi, ilisimama kunipita. Mwaka wa pili nzuri. Mwaka wa tatu nikadhani tumelogwa. Wazee wakasema ardhi imekasirika kwa ajili ya damu. Labda nayo ipo, sitabishana nao, lakini tulikuwa tumeng'oa kila kisiki na kuchoma kila jani ili ng'ombe wa kulima wapite.

Mke mwenzangu alikuwa mvivu, Mungu amrehemu, alifungua robo ekari robo ekari na kuacha miti ya yaa imesimama, ile ya mafuta, iliyojiotea yenyewe tulipokuwa kambini. Kipande chake hadi leo kinazaa. Mimi nilikuwa hodari.

Tena Mzee, ilinde hiyo miti yako mugavu. Hata baada ya Rais kupiga marufuku biashara ya mkaa huku kaskazini mwaka 2023, wakataji bado wanapita usiku.


BwanaPlau (Masindi), 14 Februari

Msimu wa tano tunaweka mbolea ya dukani, Mchimba. Si siri.


DerevaMstaafu (Kigumba), 1 Juni

Nimerudi. Arubuni sikutoa, shemeji haniongeleshi tangu Machi.

Mchimba, Muguga nimepita pengine mara elfu na lori, kila mara nikiwaza breki tu za mteremko wa bonde. Sikujua mle ndani kuna mtu aliyewahi kukaa akiulowesha udongo ili auone unavyoamka. Mwaka huu mvua ya kwanza ilipopiga nilisimama mlangoni nikavuta ile harufu, nikajua sasa ni nani wanaonuka.

Nilinunua fulana 12 nyeupe za mitumba soko la Bweyale. Muuzaji akaniuliza nina watoto wangapi. Nilizizika tarehe 29 Machi, kila moja na kijiti chenye utepe, nikazifukua 24 Mei. Mashimo nayo nilichimba wiki hiyohiyo na mjukuu wangu, ndiye aliyehesabu, mimi magoti hayataki.

Nyungunyungu kwa kila shimo, nikigawanya kwa matatu: kwa jirani anayelima, mmoja. Nusu ya juu, wawili. Nusu ya chini, tisa. Chini ya mwembe, kumi na wanne. Shimo moja la nusu ya chini, lililo karibu na mpaka wa kahawa, lilikuwa na kumi na sita peke yake, na lile la katikati wanne. Nikakumbuka ulivyosema wanatambaa kutoka pembeni.

Fulana sasa. Kwa jirani zilitoka fulana, ningezifua ningezivaa. Nusu ya chini na chini ya mwembe zilibaki nyuzi za pindo la shingoni, zile za nailoni, na lebo. Lebo imebaki safi kabisa. Nusu ya juu ndiyo imenichanganya: mbili zilitoka na matundu machache, ya tatu haipo. Haipo kabisa, hata pindo, kijiti kimesimama peke yake. Mjukuu anasema imeibwa.

Mabonge: la nusu ya chini lilikaa kwenye glasi tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana bila kuvunjika. La jirani nilipogeuka kuchukua sukari lilikwisha kuwa uji. La nusu ya juu lilikuwa katikati, sikutarajia, nilidhani litafanana na la jirani.

Ila kuna jambo hamkuniambia. Nusu ya chini, mle mle penye uzima wote huo, nikifika kina cha kama sentimita 20 jembe linagonga sakafu. Udongo wa juu unapukutika kama unga wa posho, halafu ghafla tabaka gumu, bapa, na mizizi ya nyasi ikilifikia inapinda inakwenda pembeni kama maji yaliyokuta ukuta. Nyungunyungu wote walikuwa juu yake. Nilipiga magoti, nikalifuta vumbi kwa mkono. Nikatambua kazi yangu mwenyewe. Ni sahani za plau langu na matairi ya trekta, mwaka 2004 hadi 2016, ndizo zilizoupiga udongo pasi. Mashimo mengine mawili ya huko nayo hivyohivyo. Mzizi mmoja tu niliuona umepenya, mnene kama kidole gumba, wa mugavu.

Basi ndiyo nauliza: hiyo sakafu itaondoka lini?


MchimbaSampuli (Wakiso), 1 Juni

Mzee, umechimba vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowabebea ndoo.

Fulana haikuibwa. Hao ni mchwa. Wakiikuta pamba wanaweza kuibeba yote upesi, kwa hiyo shimo lile litoe kwenye hesabu, au liandike peke yake: mchwa wapo. Si habari mbaya. Pale ambapo nyungunyungu hawajafika mchwa ndio walimaji. Bonge la juu kushikamana kiasi hakunishangazi pia. Lusenke ina mizizi mingi, na miaka tisa bila plau si bure hata ikichomwa.

Sakafu hiyo ndiyo hudumu kuliko yote. Huko kwenye barafu maji yakiganda hupasua pasua kidogo. Sisi hatuna barafu, tuna mizizi. Inaweza kukaa miongo. Ukileta plau lilelile utaipiga pasi upya, na ule uzima wa juu utaupindua chini. Mizizi ya mugavu inatoboa, ikifa inaacha tundu, na nyungunyungu hushuka humo. Mbaazi nazo zina mzizi wa kushuka, zipande sehemu utakazolima.

Kwa nusu ya juu, tafuta mbegu ya mukuna. Ni ndugu wa upupu lakini hauwashi, usiogope. Unatambaa, unafunika, lusenke haipendi kivuli inakufa, na mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaokamata naitrojeni hewani. Benin wakulima wengi waliutumia dhidi ya nyasi hiyohiyo. Usiifukie lusenke mbichi kisha ukapanda mahindi papo hapo: majani yake yana naitrojeni kidogo, bakteria watachukua ya kwenye udongo ili wayamalize, na mahindi yako yatakuwa ya njano ukidhani ni ugonjwa. Mbegu za mukuna zina sumu zisipopikwa kwa namna yake, wajukuu wasizile.


MamaSimsim (Pader), 2 Juni

Na ukianza kulima huko chini, jembe la mkono. Robo ekari. Uwe mvivu.


DerevaMstaafu (Kigumba), 2 Juni

Uvivu ninao, mama, magoti yameshanisomea.

Nimeamua hivi. Huko chini nafungua robo ekari upande wa kahawa kabla ya mvua za Agosti, mahindi na mbaazi, mugavu hazikatwi. Juu mukuna ekari mbili, mbegu nimeambiwa naweza kuipata Masindi. BwanaPlau, kama unajua duka, niandikie, sina kinyongo.

Moto ndio umebaki. Leo jioni nakwenda kwa jirani wa kahawa. Miaka tisa amenilindia shamba na hata asante sijampa. Nataka tufyeke ukanda pamoja Desemba hii, upande wake na upande wangu wa juu. Nimefunga jogoo miguu, yuko hapa chini ya meza ananidonoa viatu.